Mhunzi wa Rabai na Mambo Makubwa ya Dunia

Popote mlipo, nyumbani jikoni, hospitalini kitandani, au njiani kwenda kazini, karibuni tulitafakari Neno la Mungu kwa dakika hizi chache. Somo letu limetoka katika Injili ya Luka, mlango wa tatu, kuanzia mstari wa kwanza. Aliye na Biblia karibu na aifungue.

Luka anauanza mlango huu kama msomaji wa taarifa ya habari. Anatuambia kwamba ulikuwa mwaka wa kumi na tano wa utawala wa Tiberio, Kaisari wa Rumi. Anamtaja Pontio Pilato, liwali wa Uyahudi. Anamtaja Herode aliyetawala Galilaya, na Filipo nduguye, na Lisania. Halafu anawataja wakubwa wa dini, Anasi na Kayafa. Hesabuni, wapendwa: hayo ni majina saba ya wenye viti, wenye askari na wenye mihuri. Msikilizaji anaposikia orodha ya namna hiyo hutega sikio, maana anajua habari kubwa inakuja, na anadhani itamhusu mmoja wa hao.

Lakini Luka anasema kwamba neno la Mungu halikumwendea hata mmoja wa wale saba. Lilimwendea Yohana, mtoto wa mzee Zakaria, naye wakati huo alikuwa jangwani.

Jambo hili ndilo nataka tulifikiri leo. Sisi tulio wengi si wakubwa. Habari za dunia hutujia kwa redio: vita mahali fulani, bei ya unga imepanda, mkataba umetiwa sahihi, serikali imebadilika. Mambo hayo hutugusa, tena wakati mwingine hutuumiza, lakini hatukuulizwa shauri letu. Basi mtu hujiuliza, "Mimi mdogo nina kazi gani wakati wa mambo makubwa kama haya? Je, Mungu ananitazamia chochote?"

Ili tulijibu swali hili, nitawasimulia habari za mtu mmoja wa Kanisa letu hapa Kenya. Aliitwa William Jones. Msidanganywe na jina, hakuwa Mzungu. Alikuwa Mwafrika, Myao kwa kabila, na jina hilo alilipata ugenini. Alipokuwa bado mtoto alikamatwa, akatengwa na wazazi wake, akauzwa utumwani kama watoto wengi wa siku zile.

Mnajua jinsi biashara ile ilivyokuwa. Watu waliteremshwa kutoka bara hadi pwani, wakapakiwa majahazini. Waliouza na walionunua walikuwa watu wa mataifa mengi na wa dini nyingi, wala taifa letu la Kikristo halina haki ya kunyosha kidole na kusema halikuwamo. Manowari za Kiingereza zilipoanza kuyakamata majahazi baharini, watoto wengi waliookolewa walipelekwa Bara Hindi, katika mji wa Bombay. Baadhi yao walilelewa na wamisionari wa C.M.S. huko Nasik. Walifundishwa kusoma na kuandika, wakafundishwa Injili, na kila mmoja akapewa kazi ya mikono. Jones alifundishwa uhunzi.

Mwaka 1864 yeye na wenzake wachache walivuka bahari tena, safari hii wakiwa watu huru, wakaja Rabai, karibu na Mombasa. Kituo cha Rabai kilikuwa kimeanzishwa na Krapf na Rebmann mwaka 1846, na Rebmann alikuwa angali hapo. Watu hawa waliitwa Waafrika wa Bombay. Fikirini hali yao. Wenyeji waliwaona ni wageni. Wamisionari waliwaona ni wasaidizi, wala hawakuwapa daraja sawa na lao. Kwao hasa walikotoka kulikuwa mbali, na wengine hata njia ya kurudi hawakuijua. Jones alikuwa mtu wa nyundo na makaa. Kama mwandishi wa habari angefika pwani siku zile kuwatafuta watu wakubwa, asingesimama mlangoni pa mhunzi.

Sasa angalieni jinsi mambo ya dunia yalivyokwenda huku yeye akifua chuma. Mwaka 1873 Sultani wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuifunga biashara ya watumwa ya baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Mara baada ya hapo C.M.S. ikaanzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya pili ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwapokea waliokombolewa. Lakini mkataba ule haukufuta utumwa wenyewe. Aliyekuwa mtumwa shambani aliendelea kuwa mtumwa, na sheria ilimhesabu kuwa mali ya bwana wake.

Kisha ukaja mwaka 1885. Ndugu zangu, mwaka huo tunausoma sana shuleni. Mwezi wa Februari wakubwa wa Ulaya waliumaliza mkutano wao huko Berlin, waliokutana tangu Novemba ya 1884 kupatana juu ya Afrika. Hakuna Mwafrika aliyeketi katika mkutano ule. Miezi michache baadaye, katika mwaka uo huo, Askofu James Hannington alimwekea mikono mhunzi wetu, akawa shemasi, pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Huko Berlin watu walikuwa wameweka mikono juu ya ramani. Huku pwani mikono iliwekwa juu ya kichwa cha aliyekuwa mtumwa. Jambo lile la kwanza liliandikwa katika magazeti ya dunia nzima. Hili la pili walilijua wachache.

Mwezi wa Julai 1885 Askofu Hannington aliondoka Rabai kwenda Uganda, akiifuata njia mpya ya kupita nchi ya Wamasai. Alikuwa na wapagazi zaidi ya 200, na shemasi Jones alikwenda naye. Walitembea miezi mitatu hivi, wakafika Kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias. Hapo askofu aliamua kutangulia na watu 50, akamwacha Jones awatunze wengine waliobaki.

Askofu hakujua kwamba mambo ya wakubwa yalikuwa yamemtangulia njiani. Habari za Wajerumani kunyakua nchi upande wa pwani zilikuwa zimefika katika jumba la Kabaka Mwanga, na watu wa Buganda walimwogopa mgeni yeyote aingiaye kutoka mashariki. Hannington alikamatwa Busoga, akafungwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Kabaka, pamoja na karibu wapagazi wake wote. Ni wachache tu walioponyoka.

Wapendwa, kila mwaka tarehe 29 Oktoba Kanisa letu humkumbuka Askofu Hannington, na ni vema, kwa kuwa alikufa kama askari mwaminifu. Lakini wale karibu hamsini waliokufa pamoja naye, ni nani kati yetu anayeweza kutaja majina yao? Walikuwa na mama zao. Wengine walikuwa na wake waliokuwa wakiwangojea pwani. Walikufa kwa sababu ya hofu iliyotokana na mambo ambayo hawakuyafanya, wala pengine hawakuwahi kuyasikia. Hivyo ndivyo mambo makubwa ya dunia yanavyowaangukia watu wadogo. Hata hivyo Bwana Yesu alitufundisha kwamba shomoro mmoja haanguki pasipo Baba kujua. Basi karibu watu hamsini hawakuanguka kule Busoga bila Mungu kujua kila mmoja anaitwaje.

Habari za msiba zilimfikia Jones Kwa Sundu mwanzoni mwa Novemba. Jiwekeni mahali pake. Ni shemasi wa miezi michache tu. Askofu wake amekufa. Yuko mbali na kwao, na anao watu zaidi ya mia moja na hamsini wenye njaa na hofu, wanaomtazama usoni. Kama angetaka kukimbia na watu watano aliowaamini, ni nani angemlaumu? Lakini hakukimbia. Alingoja mwezi mzima, labda yuko mtu mwingine aliyesalimika ambaye angetokea. Kisha mnamo Desemba akauongoza msafara kurudi, akapita tena nchi zile zile, mwendo wa zaidi ya kilomita 700 kwa miguu.

Walifika Rabai mwanzoni mwa Februari 1886. Mbele ya msafara ilipeperuka bendera ya samawati, na juu yake lilikuwa limeandikwa kwa herufi nyeupe neno moja tu: Ikabodi. Wasomaji wa Biblia mnalikumbuka jina hilo. Limo katika Samweli wa Kwanza, mlango wa nne. Ni jina alilopewa mtoto aliyezaliwa siku sanduku la Mungu lilipotekwa, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Wanawake wa Rabai walipotoka na kuwatafuta waume zao katika msafara, kilio kilikuwa kikubwa.

Mnaona jinsi Jones alivyoandika ukweli juu ya bendera yake? Hakujitia ushujaa. Hakusema, "Nimewaleta salama." Alisema tumepoteza. Imani yetu haituamuru kuficha kilio. Lakini ukweli wa pili nao ulikuwa ukitembea nyuma ya bendera ile kwa miguu iliyochoka, yaani watu walio hai, ambao mhunzi huyu aliachiwa awatunze, naye akawatunza.

Jones hakuweza kuuzuia mkutano wa Berlin. Hakuweza kuugeuza moyo wa Mwanga. Mambo hayo hayakuwekwa mikononi mwake. Kilichowekwa mikononi mwake kilikuwa watu waliobaki Kwa Sundu, kuwapeleka nyumbani.

Kisha Mungu akamletea watu wengine, na safari hii walibisha mlangoni. Miaka ile watumwa wengi walikuwa wakitoroka mashambani, wanakimbilia Rabai. Wenye mashamba walikasirika, wakataka mali yao irudishwe. Wakubwa wa Kiingereza waliokuwa Unguja hawakutaka ghasia. Misheni yenyewe iliogopa, ikatoa agizo kwamba watoro wasipokewe. Basi fikirini: usiku mtu amefika, mgongo una alama za fimbo, anaomba mahali pa kulala. Sheria ya nchi inasema ni mali ya mtu. Wakuu wa kazi yako wanasema usimpokee. Nawe ulipokuwa mtoto uliuzwa vivyo hivyo. Ungefanya nini?

Jones na wazee wenzake wa Rabai waliwapokea. Wakawapa mahali pa kujenga na kulima, wakawafundisha. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 23, mstari wa 15 na 16, Mungu aliwaagiza Waisraeli kwamba mtumwa aliyemkimbia bwana wake wasimrudishe, bali wamwache akae kati yao mahali apendapo, wala wasimwonee. Agizo hilo lilikuwa limekaa ndani ya Biblia miaka mingi, na Wakristo wengi walilisoma wakapita. Huko Rabai liligeuka likawa vibanda na mashamba.

Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kutawala upande huu wa Afrika Mashariki ilifika Mombasa chini ya George Mackenzie. Akaukuta mji umechafuka kwa ajili ya watoro hao, maana walikuwa zaidi ya elfu moja. Lililokuwa linafanyika kimyakimya likajulikana kwa wote. Ingekuwa rahisi kuwarudisha, na amani ya mji ingenunuliwa kwa migongo ya watu wale. Lakini walikuwa wengi mno, na walikuwa wamekwisha kuota mizizi. Ikapatanwa kwamba mabwana walipwe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu wapatao 1,400 wakapewa hati zao za uhuru.

Historia inamtaja Mackenzie kuwa ndiye aliyetoa hati, na kweli alizitoa. Lakini kama watu wale wasingalipokewa usiku, mmoja mmoja, miaka kadhaa kabla, siku ile ya Januari asingalikuwapo mtu wa kupewa hati. Wakubwa walitia sahihi mwishoni. Mlango ulikuwa umefunguliwa zamani na watu wasiokuwa na muhuri.

Mambo ya dunia yaliendelea. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya nchi hii. Mwaka 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu, ikikata kwa muda mfupi nchi ile aliyoivuka Jones kwa miguu na bendera ya msiba. Yeye alifariki mwaka 1904. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani yetu mwaka 1907, miaka mitatu baada ya kifo chake. Alifanya kazi, wala hakuona mwisho wake.

Sasa turudi kwa Luka. Yohana alipoanza kuhubiri, watu walimwuliza, "Basi tufanye nini?" Someni mstari wa 10 hadi wa 14 mtaona jibu lake. Hakuwaambia waende Rumi wakabishane na Tiberio. Mwenye kanzu mbili alimwambia ampe asiye nayo. Watoza ushuru aliwaambia wasidai zaidi ya kiasi walichoamriwa. Askari aliwakataza kumdhulumu mtu au kumsingizia, akawaambia watosheke na mshahara wao. Kila mmoja alionyeshwa mtu aliye mbele yake. Wala msidhani kwamba Yohana aliwaogopa wakubwa, maana Herode alipokosa alimkemea wazi, akatiwa gerezani kwa ajili hiyo. Anayetenda haki katika mambo madogo hupata kinywa cha kusema haki kwa wakubwa. Asiyeitenda nyumbani kwake, maneno yake kwa wakubwa ni upepo.

Hapa kwetu tumekwisha kuliona jambo hili kwa macho. Wengi wenu mnakumbuka mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi. Wakubwa waligombana juu, na huku chini nyumba zikaungua, watu wakachinjana, hata ndani ya kanisa watu waliteketezwa. Lakini siku zile zile walikuwako watu waliomfungulia mlango jirani wa kabila jingine, wakamficha, wakasimama nje na kuwaambia vijana wenye mapanga, "Hapa hayupo mtu." Hawakutajwa katika taarifa ya habari. Wao hawakuweza kumaliza ugomvi wa nchi. Walikuwa na mlango mmoja, na mtu mmoja nje ya mlango huo. Siku ya hukumu, nadhani, mlango ule utasimuliwa kabla ya hotuba nyingi.

Ndugu msikilizaji, usingoje uwe mkubwa ndipo uanze kumtumikia Mungu. Wewe karani, faili ya mjane iko mezani pako tangu lini? Wewe mama, yule msichana anayekusaidia kazi za nyumbani, analala wapi, na mshahara wake unampa kwa wakati? Wewe mzee wa kanisa, ugomvi wa ardhi ukitokea, unamtetea mwenye haki au mwenye ukoo mkubwa? Wewe kijana, wenzako wakikutumia maneno ya chuki juu ya kabila fulani, unayapeleka mbele au yanaishia kwako? Mambo haya hayatangazwi. Lakini ni mambo uliyoachiwa wewe, kama Jones alivyoachiwa watu Kwa Sundu.

Mungu hatatuuliza kwa nini hatukuzuia mikutano ya wakubwa ambayo hatukualikwa. Atatuuliza habari za wale aliowaweka mikononi mwetu: tuliwafikisha nyumbani, au tuliwaacha njiani? Walipobisha, tulifungua?

Na kama wewe ndiwe mtoro wa leo, umechoka, umekimbia dhambi au umekimbia mateso, sikia neno hili la mwisho. Yesu Kristo alizaliwa siku ambazo Kaisari Augusto alikuwa akiwahesabu watu wake, na katika nyumba ya wageni pakakosekana nafasi kwa mama yake. Aliyekosa mlango wa kufunguliwa amekuwa mwenyewe mlango, naye hamrudishi mtu kwa bwana wake wa zamani. Njoo kwake leo.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, wewe unajua majina ambayo vitabu vimeyasahau. Tunakushukuru kwa watumishi wako wa Rabai, na kwa wapagazi waliolala Busoga. Utuhurumie sisi tunaoogopa mambo makubwa na kuyadharau madogo. Utuonyeshe leo mtu mmoja uliyemweka mbele yetu, ukatupe moyo wa kumfungulia. Uwafariji wanaolia, uwapatanishe waliokosana, uilinde nchi yetu. Tunaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote, na siku yenu iwe njema.